Malalamiko Kuhusu Tumbo Langu Kuponywa Bila Ruhusa

Kijiji Namba Tatu,
upande wa Ruiri, Wilaya ya Meru.
Novemba, 1955.

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Tarafa,
kupitia kwa Chifu wa Lokesheni,
kupitia kwa karani wa Chifu, ambaye ni mimi.

Mheshimiwa Bwana,

Mimi Stefano Kaberia, karani, nakuamkia kwa heshima zote zinazoruhusiwa katika Hali hii ya Hatari. Barua hii nimeiandika mwenyewe, nimejiletea mwenyewe ofisini, nimeipokea kwa mikono miwili, nimeisoma na kuona kwamba mwandishi ana sababu za kutosha, kisha nimeipa namba na kuipitisha kwa Chifu. Chifu hajaisoma, lakini amesema kwamba kama nimeisoma mimi basi imesomwa.

Najua una kazi nyingi. Watu wanakuandikia kila siku kuhusu ndugu zao waliochukuliwa na mashamba yao yaliyochukuliwa, na barua hizo zinapita mezani kwangu kwa hiyo naijua hali. Mimi nakuandikia kuhusu utumbo. Naomba usiiweke kando kwa sababu hiyo, kwa kuwa utumbo wenyewe ni wa mtumishi wa Serikali.

Bwana, mimi ni mgonjwa wa tumbo wa miaka mingi, wala sisemi tumbo la mtu aliyekula matunda mabichi. Daktari wa misheni aliniambia kwamba utumbo wangu mpana umevimba kwa ndani na una vidonda, kwamba ugonjwa huu huja na kutulia upendavyo, na kwamba hakuna ajuaye hasa unatoka wapi. Ukija, naharisha damu, tumbo linanikata, suruali inaanguka. Daktari alinipa dawa, akaniagiza nikae mbali na vyakula vyenye makapi, yaani mahindi na ganda lake, maharagwe, mboga za majani na vyote vyenye nyuzinyuzi, mpaka damu ikome. Kwa muda huo nile mkate mweupe, wali, mayai na maziwa.

Mtu mwingine angesikia neno "mpaka". Mimi nilisikia "mkate mweupe", nikatoka hospitali nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kukatazwa maharagwe na daktari. Damu ilikoma, ikarudi, ikakoma tena, lakini mkate sikuuacha, na juu yake niliongeza jemu, biskuti na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nikikaribishwa mahali, wakaleta muthere, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja ambayo kila nyumba ya Meru inayala, nilikuwa nainua mkono kidogo na kusema kwamba daktari amenikataza, na nilihakikisha wa mwisho kwenye benchi amesikia neno "daktari". Watu waliniita Kaberia wa Mkate. Nilidhani wananisifu.

Nimekueleza haya ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuletwa kijijini. Malalamiko yangu ni kama yafuatavyo.

1. Kuhusu nyumba niliyopewa.

Tulipoamriwa kuacha mashamba na kuhamia vijijini, mke wangu Rwamba alikuwa ametoka kujifungua. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Ishiara, kule Mbeere katika Wilaya ya Embu, kumtunza, akiwa na pasi safi ya mgeni. Kisha njia ya kuvuka mto Thuci kutoka Embu kuja Meru ikafungwa, pasi ikaisha muda wake, na mama mkwe akabaki upande huu. Siku ya kugawa nyumba, Kithaka, ambaye ni sajini wa homgadi, wale walinzi wa kijiji, aliona ni busara kumweka mama karibu na binti yake. Nyumba ya mama mkwe ikawa inatazamana na yangu, mlango kwa mlango.

Bwana, kwa kuwa wewe ni mgeni katika mambo yetu, naomba nieleze. Kwetu, na kwao vilevile, mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Si uadui, ni heshima. Huli mbele yake, huongei naye mambo ya mwili, na ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite. Lakini vichaka vyote vimefyekwa kwa amri yako ili watu wa msituni wasipate pa kujificha. Ilikuwa amri nzuri, ila haikuwafikiria wakwe. Mara ya kwanza nilipomwona anakuja, nilitafuta kichaka, nikakikosa, nikarukia kando mpaka ukingoni mwa lile handaki linalozunguka kijiji, lenye miti iliyochongwa, na Kithaka akanikamata kwa kosa la kujaribu kutoroka. Nilipomweleza kwamba nilikuwa namkimbia mama mkwe aliniachilia mara moja, kwa kuwa yeye pia ameoa.

Kuna na hili la pasi. Pasi ya mgeni huongezwa muda na karani wa Chifu, baada ya mgeni kusimama mbele ya meza yake, kutazamwa usoni na kuulizwa jina na umri. Mgeni ni mama mkwe, karani ni mimi. Kila alipofika mlangoni mwa ofisi, mimi nilikuwa nimeshatokea dirishani, na pasi ikabaki bila kuongezwa. Naomba ieleweke kwamba hapa hakuna aliyekosa.

2. Kuhusu choo.

Choo cha safu yetu kiko mwisho wa njia, na njia inapita mbele ya mlango wa mama mkwe. Mtu mzima wa afya hupita pale asubuhi, mambo yakaisha. Mimi katika siku mbaya nilipita asubuhi, nikarudi, nikapita tena kabla chai haijapoa, na mara nyingine nilikutana na nafsi yangu njiani ikitoka huko ninakokwenda. Kila nikipita, mama mkwe alijifunika uso kwa shuka, kama inavyotakiwa. Lakini shuka lile ni la zamani, Bwana, lina matundu. Nimetunza siri nyingi za ofisi hii, na siri yangu moja tu sikuweza kuitunza.

3. Kuhusu mkate.

Mkate wangu ulikuwa unatoka mjini Meru kwa lori la Burale, yule mfanyabiashara Msomali mwenye ndevu nyekundu. Ikatoka amri kwamba magari ya chakula yasiingie vijijini, chakula kisije kikapelekwa msituni. Sipingi amri. Nauliza tu, kwa unyenyekevu, ni mpiganaji gani aliye mwituni anayengoja jemu. Burale alinipa pole pale getini, akaniambia nisihuzunike sana kwa sababu hata yeye haugusi mkate ule. Nyumbani mkewe Hinda humpikia anjera, chapati laini ya mtama. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuuza kitu asichokula, kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayeandika hotuba za Chifu.

4. Kuhusu maharagwe.

Mkate ulipoisha, damu ilikuwa imeanza kurudi. Hapo mtu mwenye akili angekwenda polepole. Mimi nilikuwa na njaa na hasira pamoja, nikaketi mbele ya sufuria ya muthere, mahindi makavu na ganda lake, nikala kama mtu anayelipiza kisasi. Yaliyonipata baada ya hapo siwezi kuyaandika kwa mashine ya taipu ya Serikali. Nililala sakafuni nimejikunja, nikiwa na homa, na Rwamba akaniuliza kwa upole ni nani katika ukoo wangu wa kujulishwa kwanza.

Muturi, dresa wa zahanati, aliitwa. Akanipima, akanipa dawa, akasema kwamba utumbo wenye kidonda kibichi haupewi maganda ya mahindi, kama vile jeraha la mguuni halisuguliwi kwa gunzi. Pamoja na maumivu yote, nilifurahi. Si ndivyo nilivyokuwa nasema siku zote, kwamba chakula kile si cha watu wa daraja langu? Kama ningekufa siku ile, Bwana, ningekufa nikiwa nimeshinda mabishano.

5. Kuhusu uji.

Lakini sikuachwa nife, na hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza kuwa mazito.

Jioni ileile Rwamba aliniletea uji wa mawele, mwepesi, umechujwa kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama maziwa. Akasema ameupika yeye. Rwamba ni mke mwema, lakini tangu tuoane hajawahi kupika uji usio na madonge. Mawele yale yalitoka Ishiara, katika kifuko ambacho mama mkwe alikuja nacho kwa ajili ya mzazi. Nilijua, Rwamba alijua kwamba nimejua, na kwa heshima ya wote tukanyamaza nikanywa.

Ikawa hivi. Mama mkwe hakuweza kuniuliza naendeleaje, kwa sababu hatuongei, na zaidi ya yote hatuongei hayo. Lakini hakuna mila inayomkataza mtu kukaa mlangoni mwake na kutazama njia. Siku niliyopita pale mara nyingi, uji uliofuata ulikuwa mwepesi na umechujwa, na ndizi ya kuchemsha iliyopondwa. Siku niliyopita kidogo, uji uliongezwa uzito, haukuchujwa sana, ukaja na boga au nduma iliyoiva mpaka inavunjika yenyewe. Baada ya hapo zikaja mboga changa za kunde, zimekatwa ndogondogo na kupikwa sana. Kisha ndengu zilizopondwa. Hakuwa mganga, wala hakuwa na hakika. Alikuwa anajaribu kama mtu anayevuka mto asioujua. Mara moja aliharakisha, akaniletea mbaazi kabla ya wakati, nami nikapita mbele yake mchana kutwa. Kesho yake uji uliochujwa ulirudi, na Rwamba akasema, akitazama chini, kwamba mama ameomba radhi. Hakusema ni kwa lipi, nami sikuuliza.

Yaani, Bwana, kwa muda wote huo nilikuwa napeleka ripoti ya tumbo langu kwa mkwe wangu kila siku, kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilipolitambua hilo niliona aibu, nikaamua kumzunguka. Siku moja, nikiwa katika hali mbaya, niliacha njia na kwenda chooni kwa kupita nyuma ya nyumba, nikiinama chini ya madirisha ya watu. Kithaka akanikamata tena, safari hii kwa kuzurura. Lakini hasara kubwa ilikuwa nyingine: mama mkwe hakuniona nikipita hata mara moja, akaamini nimepona, akafurahi, akanipikia maharagwe. Nikayala. Ningekataaje, na aliyeyapika haongei nami? Tangu siku ile nikajifunza kupita mlangoni kwake kwa ukweli, idadi yote, bila kupunguza.

6. Kuhusu kupona kwenyewe.

Damu imekoma. Nasema kwa masikitiko. Nimenenepa, mkanda umerudi kwenye tundu la zamani, nalala nikaamka. Sasa nakula muthere, na mahindi yake yameloweshwa na kupikwa mpaka yamelegea, nakula kunde, mbaazi, nduma na uji wa mawele usiochujwa kabisa, nakunywa na maji mengi kama Muturi alivyoniagiza. Chakula chote nilichokuwa nakikataa mbele za watu ndicho kinachonikalia vizuri.

Nimefikiri sana kwa nini, na muda wa kufikiri nilikuwa nao, unajua wapi. Mbuzi wa jirani yangu Njeru walifungiwa ndani wakati wa ile amri ya kutotoka. Walipokosa majani, wakala nyasi za paa na matope ya ukuta mpaka nyumba ikaonyesha mbavu. Mimi si daktari, na haya ni mawazo ya karani tu, lakini naona huenda ndani ya utumbo wa mtu mna wapangaji wadogo tusiowaona, na huenda makapi ndiyo majani yao. Mimi niliwafungia na mkate mweupe miaka yote hiyo, nao wakaanza kula ukuta. Ukiwapa majani wanatulia. Lakini ukuta ukiwa umeshabomoka, huwaingizii gunia zima kwa mkupuo mmoja, unawapa kidogokidogo huku unakandika. Muturi alipolisikia jambo hili alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema labda. Akaongeza kwamba ugonjwa wangu haujatoka, umelala tu, na kwamba nisiuamshe kwa kiburi.

Kisha, Bwana, baada ya kunipima na kuniona mzima, Muturi huyohuyo akanifutia cheti changu cha kutochimba handaki. Ugonjwa wangu ulikuwa umenikinga na jembe tangu kijiji kianze. Leo karani wa Chifu anachimba udongo pamoja na watu aliowaandika wachimbe, na kwa kweli hawakuficha furaha yao. Huo ndio mshahara wa boga na nduma.

7. Kuhusu upepo.

Vyakula hivi, kabla tumbo halijavizoea, vina upepo. Sitaeleza zaidi. Katika baraza la mwezi uliopita, Chifu alipokuwa anasoma amri yako mpya kuhusu saa za kutoka na kuingia, alifika mahali paliposema kwamba amri hii ni kwa faida ya wananchi wenyewe, akatua kidogo ili maneno yaingie. Katika ukimya ule, tumbo langu lilitoa sauti ndefu, yenye mwanzo na mwisho. Niko mbele, nyuma ya meza, na bendera iko karibu nami. Kijiji kizima kiliinamisha vichwa na mabega yakawa yanatikisika.

Nilihojiwa na Kithaka baada ya baraza. Alitaka kujua kama ile ilikuwa ishara, na kama ndiyo, kwa nani. Nakuhakikishia, Bwana, sauti ile haikuwa ya kisiasa. Ilikuwa mbaazi. Lakini tangu siku hiyo watu ambao hawakuwahi kunisalimia wananisalimia, na wazee wananipa nafasi kwenye benchi, na mimi sijui nifanye nini na heshima ya namna hii. Nilitafuta heshima kwa mkate kwa miaka yote sikuipata.

8. Kuhusu shukrani.

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kila asubuhi kibuyu cha uji kiko mlangoni pangu. Sijui mama mkwe anaamka saa ngapi. Ameishiwa na nguvu za mikono, naona jinsi kibuyu kinavyowekwa kwa kuinama upande, na bado kiko pale. Ningependa kumwambia asante, na siwezi. Kwa mila, shukrani ya namna hii hupelekwa na wazee, kwa pombe ya asali na mbuzi. Sasa wazee hawaruhusiwi kukutana, pombe hairuhusiwi kupikwa, na mbuzi nao wamo katika hali niliyokueleza. Nimebaki na shukrani imenikwama kifuani, na kwa ugonjwa huo Muturi hana dawa.

Nimelitazama jambo hili kwa pande zote kama karani, na nimeona njia moja tu. Mtu hawezi kuwa mkosefu wa shukrani kwa mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kwa kuwa kuna amri ya kuwarudisha watu wa Embu katika wilaya yao, mama mkwe wangu arudishwe Ishiara haraka iwezekanavyo, kabla hajafika kwenye njahi, yale maharagwe meusi magumu. Pili, mkate wangu uruhusiwe kupita getini, na jemu iandamane nao. Tatu, nirudishiwe cheti cha kutochimba, pamoja na barua ya ofisi yako ikithibitisha kwamba tumbo langu, lijapokuwa limepona kwa chakula cha kawaida, bado ni tumbo la daraja la kwanza. Karani wa Chifu amelichunguza ombi hili na analiunga mkono bila kusita.

Nifikishie salamu kwa Bibi, kwa mpishi wako, kwa askari wa mlangoni aliyeniweka kwenye jua siku nilipokuja ofisini kwako, kwa dereva, na kwa mbwa wako wawili ambao nasikia hula vizuri. Watu wote wa Kijiji Namba Tatu wangekusalimu kama wangejua nakuandikia.

Ni mimi, mtumishi wako aliyepona bila kukusudia,

Stefano Kaberia,
Karani.

Nyongeza.

Barua hii ilifaa kuchanwa. Lakini imeshapewa namba, na barua yenye namba haichanwi. Ni mimi niliyeiweka kanuni hiyo. Kwa hiyo nakuomba uanze kuisoma hapa, na ya juu uyaache.

Leo asubuhi, kabla sijaitia kwenye mfuko wa posta, lori lilikuja kuwachukua watu wote wa ng'ambo ya Thuci wasio na pasi. Sijawahi kuiona Serikali ikitimiza ombi kabla ya kulipokea. Hawapelekwi makwao. Wanapelekwa kwanza kambini kuhojiwa, na Kithaka hakujua ni kambi ipi wala watakaa kwa muda gani. Rwamba alilia akishika ubao wa lori mpaka akatolewa. Mama mkwe alipandishwa nyuma pamoja na wengine, na mimi nilisimama kando nimeelekea ukutani, kama heshima inavyotaka.

Yeye ndiye aliyevunja mila. Alijifunua uso, akaniita kwa jina langu mbele ya kijiji kizima, na kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma akapaza sauti. Akasema kwamba mawele yaliyobaki yako ndani ya chungu nyuma ya mlango wake. Akasema nikiona damu nirudi kwenye uji uliochujwa, nisione aibu, nisijitie uanaume, na nikitulia nianze tena na boga kabla ya maharagwe. Mambo ya choo changu, Bwana, mbele ya wanawake na homgadi. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Nikageuka nikamtazama, mara yangu ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ni mzee kuliko nilivyodhani, na Rwamba amechukua macho yake. Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilitaka kuongeza neno, lori likaondoka.

Naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la mwisho. Mkate sitaki. Handaki nitachimba. Mama huyu anaitwa Igoki, wa Ishiara, ana shuka moja la zamani, na hakuna kosa alilofanya upande huu wa mto zaidi ya kumlisha mgonjwa. Naomba atolewe kambini leo, apewe pasi, na aulizwe mwenyewe kama anataka kwenda kwake au kurudi hapa.

Naomba unijibu haraka, Bwana. Tangu lori liondoke nimeshapita mbele ya mlango wake mara nyingi, na siendi chooni.

S.K.